Tulipopita Juu ya Kwetu

Kwetu magharibi mwa Kenya mtu akifia mbali haletwi nyumbani kimyakimya. Mkubwa wake hukaa karibu na jeneza, na kila wanapovuka mto humwambia: tunavuka, twende. Asipoambiwa hubaki ng'ambo akizungukazunguka. Kazi hiyo ingekuwa ya baba. Lakini baba na mama walifariki nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule na kuingia kiwanda cha nguo, na tangu hapo mkubwa ni mimi.

Ndugu yangu aliyenifuata alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai Uganda. Alishikwa na homa, na kabla hatujapata nauli ya kwenda kumwona, habari ikaja kwamba amekwisha. Mwajiri wake alitukatia tiketi, mimi na mume wangu: kwenda asubuhi, kurudi naye alasiri.

Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege. Asubuhi hiyo jirani yangu alinikuta bombani, pale Makadara, Nairobi, nimeshavaa kitenge cha kanisani.

"Mama, ndege kabisa? Umetuacha mbali sisi wa Jogoo Road!"

Kisha akakumbuka nilikokuwa nakwenda, akashika mdomo. Nikamwambia si kitu. Alijaza ndoo yangu kabla ya yake na kunibebea hadi mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama shangazi, dada yake baba. "Umwambie kila maji," akasema.

"Shangazi, huko juu mito itaonekana?"

"Uliza. Si una mdomo?"

Mume wangu, karani wa reli na mzee wa kanisa, akakohoa.

"Kohoa tu, mkwe," shangazi akamwambia. "Anayepotea si wako."

Kule Entebbe wenzake wa kazini walitukabidhi jeneza kwenye ghala la mizigo. Mmoja alikuwa bado na grisi kwenye kucha. Nilidhani tungekaa naye, kama watu wanavyokaa na maiti ndani ya gari. Kumbe yeye aliwekwa chini pamoja na masanduku, na sisi tukapandishwa juu, tukafungwa mikanda na kupewa soda. Soda ile sikuinywa. Ningekunywaje, naye yuko chini ya miguu yangu?

Maji ya kwanza hayakunisumbua kuyatambua. Lilikuwa ziwa lenyewe, halina mwisho. Niliinamisha kichwa hadi magotini nikasema kwa lugha ya nyumbani, "Hili ni ziwa. Tunavuka. Twende." Mzee mmoja Mganda, kiti cha pili, akamuuliza mume wangu kama natapika.

"Hapana, mzee," mume wangu akajibu. "Anaongea na ndugu yake."

Mzee akavua kofia, akaiweka mapajani na hakuivaa tena.

Nilimwomba mhudumu aniambie tukifika mpakani. Alicheka kidogo, akasema mpaka umo majini, hakuna mstari. Lakini akaenda mbele kwa rubani, na aliporudi alininong'oneza, "Mama, sasa uko Kenya. Ukitazama chini kushoto, ule ni ufuo wa Kisumu."

Nikatazama. Ufuo, kisha vilima, kisha mabati yakimetameta katikati ya migomba. Sikuweza kuijua nyumba yetu, ila vile vilima nilivijua. Nimevipanda na kuni kichwani. Ndipo nikaelewa jambo ambalo hata shangazi hakuwa amelifikiria. Tulikuwa tunapita juu ya kwetu. Tulikuwa tunampeleka Nairobi, halafu tumrudishe kwa barabara mpaka hapa hapa, na makaburi ya baba na mama yapo pale chini.

Nikaanza kumwambia haraka, "Usishuke. Bado. Ningoje." Ni maneno niliyomwambia utotoni mwake, kila nilipokwenda zamu na kumfungia ndani na wadogo wetu. Alikuwa akiningoja. Nikirudi nilimkuta amekaa nyuma ya mlango, amelala ameketi.

Mume wangu akanishika mkono. Hapo ndipo mzee wa kanisa aliponishangaza.

"Mama watoto," akasema polepole, "mwache ashuke. Amechoka. Mwili tutamletea."

Vilima vilikuwa vinarudi nyuma. Niliweka kiganja kwenye sakafu ya ndege. "Basi shuka," nikamwambia. "Nenda kwa mama. Usiningoje."

Halafu nikalia, na sikuwa nimelia tangu habari ifike.

Shangazi alikuwa akitungoja uwanjani Nairobi. Jeneza lilipotolewa alinisukuma mbele. "Haya, mwambie tumefika."

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie!"

"Hayumo, shangazi. Nimemteremsha nyumbani tulipokuwa tunapita."

Alinitazama, akamtazama mume wangu, ambaye safari hii hakukohoa. Nilijua atanifokea mbele za watu. Tulikuwa tumepanga kulala Makadara siku mbili, majirani wachange na kuimba. Shangazi alikaza leso kiunoni.

"Basi tafuteni gari twende leo," akasema. "Nyumba ya baba yenu kule imefungwa, na ufunguo ninao mimi."