Kwa Mgaya, Shusha

Ipo siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo siwezi kuisahau. Nilisimama kando ya barabara ya Makambako, baridi inauma mpaka kwenye meno, nikamhonga konda kwa maandazi manne. Usicheke. Maandazi ya wakati ule yalikuwa makubwa, konda alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na akili za kuku.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali lako la jana. Ulikuja na simu yako, ukaniambia kikundi chenu cha mbegu za viazi kina jina kwenye mtandao, hilo mnaloliita domeni, na kwamba jina hilo hulipiwa kila mwaka, na safari hii wenzako wanataka liachwe life. Wanasema majina ya namna hiyo yamepitwa na wakati. Siku hizi mtu haandiki jina la tovuti, anaiuliza simu kwa mdomo na simu inamjibu, au anawakuta kwenye yale makundi yenu ya kutumiana ujumbe kutwa nzima. Ukaniuliza, "Bibi, wewe unaonaje?" Nikakuambia niache nifikiri. Nimefikiri. Sogeza hicho kigoda ukae.

Miaka ile tuliita miaka ya ruksa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni na khanga, na kila mwenye mabati sita alijenga kibanda barabarani. Mimi na marehemu babu yako tulijenga hoteli ya chai. Hoteli nasema, lakini ilikuwa mabenchi mawili na jiko la kuni. Nikaiita Londoni. Fundi aliniandikia ubao kwa rangi nyekundu, akachora na nyota ambayo sikumwomba.

Tatizo, kituo chetu cha basi kilikuwa na jina tayari. Kiliitwa Kwa Mgaya. Huyo Mgaya alikufa kabla sijazaliwa. Wengine walisema alikuwa mlinzi wa mashamba ya miti ya miwati, wengine walisema alifua majembe, na hakuna aliyekuwa na hakika. Nyumba yake haikuwepo, na kaburi lake sisi vijana hatukulijua. Nikajiambia, mtu hayupo, nyumba haipo, sasa jina la nini? Ndipo nikamwendea konda na maandazi yangu. Tangu siku hiyo basi lake likikaribia anaita, "Londoni, wa Londoni!" Makonda wengine walipomwona anakunywa chai ya bure, nao wakalipenda hilo jina ghafla. Haikupita miezi mitatu, Kwa Mgaya ikawa haisikiki tena barabara nzima. Nilivimba kichwa, mwanangu. Nilitembea kama mke wa mkuu wa wilaya.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja wa pale kijijini, Mzee Mlowe. Ujana wake wote aliuacha Tanga akikata mkonge, akarudi kwetu na kifua kibovu kinachopiga filimbi. Huko Tanga aliacha binti, Rehema, kwa mama yake. Mwaka ule huyo mama wa binti akafariki. Mzee akamwomba mwalimu amwandikie barua yule binti, aje, maana hapa duniani walibaki wawili tu, na yeye mwenyewe alijua kifua kile hakitamvumilia sana. Basi kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi langu la nje, anatazama mabasi yanayotoka upande wa Makambako. Nilimpa chai na sikumdai. Nilijiona mwema kweli.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili nayo hivyo hivyo. Asubuhi moja basi lilisimama, konda akaita Londoni kwa sauti yake yote, wakashuka watu wawili na kuku. Mzee akaweka kikombe chini.

"Binti yangu, huyu kijana anaita nini?"

"Anaita Londoni, mzee. Ni hapa kwangu."

"Na Kwa Mgaya anaita saa ngapi?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Hilo limekwisha, mzee. Ni jina la zamani."

Alilitazama basi mpaka likapotea kwenye ukungu. Kisha akasema polepole, kwa sababu pumzi yake haikutosha kusema haraka: "Mimi Rehema nilimwandikia Kwa Mgaya. Hajui jina lingine. Hajawahi kukanyaga huku, hata Kibena hajui." Akapumua kidogo. "Jina la kituo ni la anayekuja, binti yangu. Sisi tunaokaa hapa tulihitaji jina la nini? Kwetu tunapajua hata tukifumba macho."

Hakuniinulia sauti. Heri angenichapa fimbo yake. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na ubao wangu na nyota yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi wakati ule hata mtoto sikuwa naye.

Nilimwachia babu yako hoteli, naye akaunguza maandazi siku zote ambazo sikuwepo, nikapanda basi la kwanza kwenda Makambako. Nilifikiri hivi: kama binti amekuja, lazima alibadilisha gari pale. Nikasimama stendi katikati ya wapiga debe, wao wanaita Songea, Mbeya, Iringa, mimi naita, "Kwa Mgaya! Nani wa Kwa Mgaya?"

"Dada, gari lako liko wapi?" wakaniuliza.

"Sina gari."

"Huna gari unaita abiria? Utawabeba mgongoni?"

Waliangua kicheko. Nililala kwa mama mmoja wa usharika wetu, kesho yake nikarudi kupiga kelele, na keshokutwa pia, mpaka sauti ikawa kama ya jogoo mzee. Mchana wa siku ya tatu akatoka mzee mwenye kofia kwenye duka la vitenge lililotazama stendi. Aliitwa Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, aliyehamia Makambako na mabunda yake ya nguo.

"Dada, hilo jina unaloliita umelitoa wapi?"

"Shikamoo, mzee. Ndiko kwetu."

"Marahaba. Basi njoo ndani."

Nyuma ya duka, msichana alikuwa anakunja khanga pamoja na mke wa mzee. Alikuwa Rehema. Alikuwa amefika siku nyingi. Basi lilimpitisha mpaka Njombe mjini, akaambiwa kituo hicho hakipo. Akarudi na basi lingine, nalo likampitisha, konda akamwambia vilevile. Mke wa Mzee Shabani ndiye aliyemwona stendi amekaa juu ya sanduku lake analia, akamchukua. Mkononi alikuwa bado na karatasi ya baba yake, imelegea kwa kuonyeshwa watu.

"Nilishaanza kudhani baba amenidanganya," akaniambia.

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kicheko cha wapiga debe wote. Nikamweleza ukweli palepale, mbele ya wenyeji wake, kwamba aliyelifuta lile jina ni mimi, na nililifuta kwa maandazi. Akaikunja ile karatasi.

"Baba yu hai?"

"Yu hai. Anakunywa chai yangu."

Basi, akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikalia. Mzee Shabani alikataa shukrani, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na tangu binti aingie humo ndani mkewe alikuwa amepata wa kuongea naye.

Tukapanda basi jioni. Tulipokaribia kwetu nikasikia konda anaita, "Buchani! Wa Buchani!" Nikashangaa Buchani ni wapi. Kumbe jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwuza nyama, aliona sipo, akaanza kuwagawia makonda maini. Siku tatu tu, Londoni yangu imekufa na kuzikwa. Maandazi hayashindani na maini, mwanangu. Nami sikuwa na ulimi wa kumlaumu mtu.

Nikasimama ndani ya basi. "Kwa Mgaya, shusha!"

"Mama, hakuna kituo hicho," akasema konda.

Kiti cha nyuma kabisa kulikuwa na bibi mmoja na tenga lake. "Kipo," akasema. "Kwa Mgaya, shusha."

Kisha baba mmoja mwenye jembe akasema, "Kwa Mgaya, shusha." Wakafuata wanafunzi, wakafuata akina mama wa sokoni, basi zima likawa linaita. Kumbe wote walikuwa nalo lile jina, walinyamaza tu. Dereva akakanyaga breki.

Mzee Mlowe alikuwa bado pale kwenye benchi tangu asubuhi. Alinyanyuka bila fimbo. Rehema akapiga goti kwenye lami, "Shikamoo, baba," na mzee badala ya marahaba akawa anarudia salamu ya kwao, "Kamwene, kamwene, kamwene," kama mtu aliyesahau maneno mengine yote. Kifua chake hakikupona, lakini alipata wa kumpikia uji, na aliishi mpaka tukavuna viazi mara mbili. Ule ubao wangu niliugeuza, mgongoni nikaandika Kwa Mgaya, na chini kwa herufi ndogo, chai ipo.

Sasa nikujibu. Je, majina hayo ya mtandao yatakufa? Sibishi, huenda. Nimeona mengi yakifa ambayo tuliambiwa ni ya milele. Lakini jina halifi siku wenye nalo wanapolichoka. Lina haki ya kufa siku yule wa mwisho aliyelishika mkononi atakapokuwa amefika. Nyinyi mmelichapisha jina lenu kwenye magunia ya mbegu. Kule Igwachanya nimeliona gunia lenu limefunika banda la kuku, na ukienda Mawengi naamini utalikuta limetandikwa chini ya godoro la mtoto. Siku mkulima yule atakapotaka mbegu, au mbegu zitakapougua, atalisoma gunia. Hatajua mliamua nini kikaoni.

Na hiyo simu inayojibu, ni konda huyo. Leo inawaita nyinyi, kesho itamwita mwenye maini. Itumieni, mimi sikatazi, hata mimi niliwapenda makonda wangu. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Umeniambia mwenyewe kwamba jina mkiliacha, mtu baki anaweza kuliokota. Sasa fikiria mkulima anawatafuta nyinyi, anashushwa Buchani. Lilipieni. Na kama ipo siku lazima mhame, hameni kwa adabu: mwacheni mtu kwenye benchi la zamani, awaambie wanaochelewa kwamba mmehamia wapi, mpaka asibaki hata mmoja njiani.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mungu akupe jina ambalo watu usiowajua watalitaja kwa matumaini, na popote utakapoteremka mgeni, kwenye ukungu wowote ule, ukute yupo mtu amekaa kwenye benchi anakungoja.