Mkanda wa Ngozi Mlangoni pa Hekalu

Nilikuwa sijamaliza kung'oka meno ya utoto mama alipopoteza mimba ya tatu. Ya nne ilipoingia, bibi yangu wa Kisesa alimfunga kiunoni mkanda wa ngozi ya ng'ombe kutoka kwa mganga.

"Ukiuvua kabla hujajifungua, umeua mwenyewe," alimwambia.

Jirani yetu wa Mkuyuni, Mama Kulwa, aliyekuwa akiwafulia Wahindi, naye akaja na lake. Kwamba mjini kuna hekalu, mungu wa kike wa mle anatoa watoto, watu wanatoka Musoma na Bukoba kuja kumwomba.

"Wewe kaa na ngozi yako kama ngoma," akamwambia mama huku anamcheka.

Mama alisikiliza kila mdomo. Siku ya sikukuu yao tukaenda, na nazi ya sadaka mkononi.

Viatu tulivua ngazini, vyangu vya mitumba katikati ya makubazi ya wageni. Mama alipoinama, khanga ikalegea. Mama mmoja wa Kihindi aliyesimama mlangoni akauona mkanda.

"Dada, hiyo ngozi ya ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe kwetu ni mama. Ngozi yake haiingii. Vua, nitakutunzia."

"Hii haivuliwi."

"Vua basi, mama, tuingie!" nikasema. Sakafu ilikuwa inaniunguza nyayo.

"Nyamaza! Unataka nimuue mdogo wako?"

Akashika fundo, akaliachia. Akashika tena. Watu wanapita na sinia za maua, kengele inalia ndani, sisi tumesimama kama mbuzi wa mnadani. Mwisho mama akampa yule Mhindi nazi, tukarudi nyumbani.

Mimba ilitoka kabla ya mavuno. Bibi akasema, ulifuata nini kwa miungu ya watu? Mama Kulwa akasema, ungevua ungepata. Wakabishana hivyo miaka, na mama katikati anawapikia. Hakuna aliyesema apelekwe hospitali akapimwe.

Mpaka leo nikikumbuka nachemka. Na hekalu sina ugomvi, yule Mhindi alisema sharti lake kwa upole. Hawa wetu ndio walimpa mama tumaini, na lilipokufa wakamwita yeye muuaji. Amekwenda kaburini anaamini ni yeye aliyeua.

Sasa bibi ni mimi. Mimba ya binti yangu ilipotoka, wanawake walikuja kutupa pole. Mmoja akaanza kuuliza binti alikula nini, alipita wapi. Nikamwambia amalize chai yake aende.