Mama wa Mandazi na Nyumba Iliyoshuka Wima

Nyumba ya etaje nne, ghorofa juu ya ghorofa, ilipoanguka kule mjini, nilikuwa nyumbani, na hilo halimshangazi yeyote anayenijua. Ninashonea barazani, ninakula barazani, na mke wangu husema siku nitakayokufa itabidi kaburi lije lenyewe. Kwa hiyo nyumba ile sikuwahi kuiona, wala iliposimama, wala ilipolala chini na watu ndani yake. Hilo halikunizuia kulieleza gurupu la simu la mtaa wetu jinsi ilivyoanguka.

Nilieleza siku tatu. Nina diploma ya sekondari, fizikia nilifaulu kwa kusukumwa, lakini kwenye gurupu nilikuwa mhandisi. Hoja yangu: nyumba inayojiangukia huegama kwanza kama mlevi, hii ilishuka wima, basi kuna aliyekata nguzo. Mpinzani wangu alikuwa mzee aliyestaafu reli, mwenye imani kwamba Wabelgiji waliacha handaki toka bandarini mpaka stesheni, na nyumba imetumbukia humo. Fundi mmoja wa ujenzi aliandika mara moja tu: "Mchanga haukuoshwa, na simenti ilikuwa kidogo." Hatukumjibu. Maneno yake hayakuwa na utamu.

Siku ya tatu, mega za intaneti zikikaribia kuisha, nikatupa kombora: "Kuna mama alikuwa anauza mandazi mlangoni mwa ile nyumba kila asubuhi. Siku ile hakuja. Nani alimwonya?" Habari hiyo niliiokota humo humo kwenye simu, sikumbuki kwa nani. Vidole gumba vya pongezi vikamiminika. Hata mzee wa reli akaandika, "Hapo, Professa, umegusa." Nikamwita mke wangu aje asome.

"Umemuuliza huyo mama?"

"Simujui."

"Aa. Basi umefanya kazi safi."

Siku nne baadaye akaingia jirani yetu wa nyuma ya ukuta, mjane wa mvuvi wa Zongwe. Mandazi yake nimenywea chai miaka sita. Alfajiri hupitisha mkono juu ya ukuta, hunipa manne, halafu huendelea na beseni lake. Anaendelea wapi, sikuwahi kuuliza. Nilidhani sokoni, kama kila mtu.

Hakuketi.

"Papa, njo weye uliandika?" Akaninyoshea simu ya dada yake.

Nikasoma maneno yangu mwenyewe. Nikayasoma tena, hayakupungua.

"Kumbe ulikuwa unauza pale?"

"Miaka yote, Papa. Sasa kila siku narudi na beseni limejaa. Jana vijana walinizunguka, wananiuliza nimekula pesa ya nani. Mwenye parseli ninayopanga chumba anasema nitafute kwingine, hataki fujo." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Na ile asubuhi, Papa, nilikuwa wapi?"

Nikakumbuka. Alikuwa hapo hapo barazani kwangu, toka saa kumi na mbili mpaka saa nne, akisubiri sketi ya shule ya binti yake niliyokuwa nimeahidi tangu wiki iliyotangulia. Kila akiuliza nilimwambia, "Bado zipu tu, Mama, zipu tu," huku nikibishana kwenye simu habari za mpira. Nyumba ilianguka saa tatu.

"Uvivu wako uliniokoa," akasema, "halafu mudomo wako unaniua."

Niliandika palepale mbele yake: kwamba yule mama alikuwa kwangu, kwamba aliyemchelewesha ni mimi, fundi muongo, na kwamba yale ya kuonywa niliyasema bila kujua lolote. Nilijiona muungwana kabisa. Dakika moja baadaye likaingia jibu la kwanza: "Kumbe Professa njo alijua mapema! Nani alikutuma umushike?" La pili: "Ndiyo maana anajua nguzo zilikatwa." Mzee wa reli akauliza kama baraza langu limejengwa juu ya handaki.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Hiyo simu haitamusaidia. Anahitaji muntu, na weye uko muntu, hata kama wa ndani."

Asubuhi iliyofuata mashini yangu ya kushona ilipanda pikipiki, mimi nyuma nimeikumbatia, na mtaa mzima ukasimama kutazama kama vile nahamia Kirungu. Niliitua kando ya beseni na jiko la Mama, karibu na soko alikohamia, nikachukua andazi nikalila polepole, waziwazi, kama mtu anayepigwa picha. Kwa saa nzima hakuja yeyote. Halafu wakaanza kuja, si kununua, kunitukana. Kubishana nakujua kuliko kushona. Kila aliyeuliza nani alimwonya nilimjibu: "Mimi. Kwa uvivu. Leta suruali yako nikuonyeshe." Wakacheka, wakasogea, na waliosogea wakanusa mafuta ya moto.

Mzee wa reli alifika na mwavuli wake. Akaanza kusimulia handaki toka bandarini. Kabla hajafika stesheni akanyosha mkono bila kuangalia, akachukua andazi, akauma, akataka kuendelea.

"Papa, meza kwanza," Mama akamwambia. "Halafu useme mbele ya hawa wote: mimi nilionywa na nani?"

Mzee akatafuna. Watu wakasubiri. Akameza, akaninyoshea mwavuli.

"Huyu alikukawiza na ile sketi siku ngapi?"

"Tisa."

"Tisa!" Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala. "Hilo naliamini." Akageukia waliosimama. "Muache mama auze."

Akachukua la pili. Wawili nyuma yake wakaomba ya kwao, na Mama akainama kuchochea moto.