Zamu ya Kuamia Ndege Siku ya Kura

Wifi yangu alipochukua fomu ya kugombea udiwani, wengi walimcheka. Mimi sikucheka. Binti yangu alikuwa amejifungulia barabarani akikimbizwa Kyela mjini kwa bodaboda, na mtoto hakulia. Zahanati yetu hapa Ipyana ilikuwa kuta tupu, nyasi zimeota ndani, na wifi aliahidi jambo moja tu: bati. Nikaapa nitamsukuma mpaka aingie, shamba potelea mbali.

Wagombea walikuwa watatu. Wa pili, mfanyabiashara mwenye ghala la mpunga kule barabarani, alitembea kama mtu aliyekwisha kuapishwa. Wa tatu alikuwa fundi baiskeli wa kitongoji chetu, wa chama kidogo ambacho hata bendera yake alishona mama yake. Upande wetu wote ulimnunia fundi, eti atakula kura zetu. Nami kwa hasira zangu nikaenda kwao kumwambia ajitoe, na maneno makali niliyaandaa njiani.

Sikumkuta. Nilimkuta mama yake anaanika kakao. "Ugonile, mama," nikamsalimu, kisha nikatoa yangu yote. Alinisikiliza huku anageuza kakao yake.

"Mwanangu asiposimama, mimi na wenzangu tunampa mwenye ghala," akasema. "Yeye ndiye anatupa mbegu. Wifi yako hajawahi kukanyaga hapa."

Nilirudi nyumbani nikihesabu upya. Kumbe kura tulizokuwa tunazililia hazikuwa zetu hata siku moja. Fundi alikuwa anamega kwa mwenye ghala, si kwetu.

Kilichobaki kunitisha ni ndege. Uchaguzi ule mdogo uliangukia wakati mpunga unajaa maziwa, na wakati huo mtu wa bondeni haachi shamba. Ukiondoka kidogo tu unarudi kukuta mapepe, maganda yasiyo na punje. Wenye maduka hawana cha kuamia; wangepiga kura wao, sisi tungebaki tunagonga madebe. Mwenye ghala alilijua hilo, ndiyo maana hakujisumbua kuja bondeni kuomba kura.

Nikazunguka kwa wanawake, shamba kwa shamba. Tukakubaliana kwenda kwa zamu: mmoja anaamia mashamba ya jirani zake, wenzake wanakwenda kituoni, wakirudi naye anakwenda. Nilipoliweka shamba la mama yake fundi kwenye zamu yangu, wakanijia juu.

"Yaani unampelekea fundi kura?" akauliza mmoja.

"Nampelekea. Kila anayempa fundi hampi mwenye ghala. Shika kombeo lako."

Siku ile niligonga debe tangu alfajiri mpaka mikono ikavimba. Wanawake walikwenda na kurudi wakinionyesha vidole vyenye wino, wakinitania kwamba ndege wote wa Kyela wamehamia kwangu. Mama yake fundi ndiye aliyechelewa kurudi, miguu yake mibovu. Shamba lake sikuweza kuliacha, nilikwisha kumwahidi. Kituo kilikuwa kinafungwa saa kumi. Alipotokea tu, nikatimka mbio. Nilifika askari ameshasimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Nilimsihi, akatikisa kichwa. Nililia pale pale, mtu mzima mimi, matope mpaka magotini.

Kesho yake matokeo yakabandikwa. Wifi alimpita mwenye ghala kwa kura chache, chache kuliko hata zile alizopata fundi. Alinikumbatia, kisha akautafuta wino kwenye kidole changu asiuone. Akanitazama. Nikamwambia asiniulize kitu, aende akatafute bati.

Zahanati imeezekwa. Binti yangu ana mimba tena, na kliniki anakwenda kwa miguu yake. Uchaguzi ujao mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Ndege wakila, wale.