Albamu ya Pili Tuliyompelekea Mama

Albamu ya kwanza tuliirekodi wote wanne chumba kimoja, kwa pamoja, na makosa yetu yakabaki humo humo. Tulikuwa bendi ya roki ya Chang'ombe, jambo ambalo majirani walilichukulia kama ugonjwa. Mazoezi tuliyafanyia uani kwa mama wa mpiga drams wetu, tukipakana na mafundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo yeye ndiye tuliyemsikilizisha wa kwanza. Alipika pilau, akakaa mkekani, na kila drams zilipokolea alimnyooshea mwanawe kidole: "Huyo wangu huyo!"

Ya pili tuliifanyia studio moja ya Sinza, kila mtu na siku yake. Prodyuza alitaka muziki laini, wa kuchezeka. Rafiki yangu, huyo mpiga drams, alipiga nyimbo zote nane kwa siku mbili, akatoka na malengelenge viganjani, kafurahi kweli. Wiki iliyofuata prodyuza akazifuta drams zake, akaweka za kompyuta, kisha akaniita mimi, kiongozi wa bendi, nisikilize.

"Braza, si iko poa?"

Nikasikiliza. Ilikuwa poa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikasema sawa.

Kumwambia mwenyewe nikashindwa. Nikawa napiga danadana, leo kachoka, kesho ana mgeni, na wenzetu wawili nao wakauchuna, hawakumwambia. Tumejuana tangu tukivaa kaptula za shule, nami nikamwogopa kama askari.

Siku ya kuisikiliza albamu ikafika, mama akatuita. Tukamwamkia shikamoo, tukakaa, pilau ileile, mkeka uleule. Nikawasha spika. Rafiki yangu alikuwa anatafuna. Wimbo wa kwanza ulipoanza, akaacha. Hakunitazama. Mama alikuwa kainamisha kichwa, kidole kimekaa tayari juu ya goti. Ukapita wa kwanza, ukapita wa pili.

"Mbona sikusikii, mwanangu? Uko wapi humu?"

Nilifungua mdomo niseme. Rafiki yangu akaniwahi.

"Si ndizo hizo drams, mama. Mie huyo. Safari hii nimepiga kistaarabu."

"Afadhali!" mama akacheka. "Miaka yote nakwambia upunguze kelele."

Akaanza kumnyooshea kidole, wimbo baada ya wimbo, mpaka wa nane. Naye kila mara alitabasamu na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea zawadi.

Nje getini nilimwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama usije ukamwambia," akasema, akarudi ndani. Hakupiga tena na sisi, wala na bendi nyingine yoyote.

Albamu ile ilitupatia jina. Nikipita kumwamkia mama, huiwasha kwa heshima yangu, akainyooshea spika kidole.

"Unamsikia? Huyo wangu huyo."

Namjibu namsikia, mama.