Shimo Nyuma ya Jiko la Mama

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, humwambia kwamba nachimba mashimo na kuyaangalia. Mama hapendi nikisema hivyo mbele ya wenzake wa kanisani. Yeye huwaambia mimi ni daktari wa udongo, na matokeo yake nimewahi kushikwa mlangoni baada ya ibada na mwanamke aliyebeba mche wa nyanya uliokauka ndani ya mfuko wa nailoni, akitaka nimwambie umekufa kwa nini.

Mwaka ule tulipewa kazi ya kueleza upya udongo wa upande wa Thika na Ruiru na kuupanga katika aina zake. Ramani ya zamani ilikuwepo. Waliotutangulia walipita wakichimba mashimo, wakaandika walichokiona tabaka kwa tabaka, wakapeleka sampuli maabara. Sisi tukarithi data zao. Mwenzangu kazini, mwanamume mtulivu kutoka Kisii anayependa kompyuta kuliko jembe, aliziingiza zote kwenye mashine, na kila shimo la zamani likawa nukta moja kwenye kioo.

Nukta zilijigawa zenyewe. Magharibi, kwenye miteremko ya kahawa, zilikuwa nyekundu: udongo mwekundu, wenye kina kirefu, unaovunjika vipande vidogo vyenye nyuso zinazong'aa kama kokwa zilizopakwa mafuta. Wataalamu huuita nitisoli, jina lililotokana na huko kung'aa. Mashariki, kwenye tambarare, nukta zilikuwa nyeusi: ule udongo mzito unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Huo ni vertisoli, kwa maana unajigeuza wenyewe, wa juu ukiingia chini kupitia nyufa zake. Katikati, karibu na Juja, palikuwa na ukanda usiokuwa na nukta hata moja, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ulipita hapo ukiwa umenyooka kabisa.

"Aliyeuchora huu alikuwa na rula na usingizi," mwenzangu alisema.

Niliusogelea mchoro nikacheka, kwa sababu ploti ya wazazi wangu ilikuwa ndani ya ukanda huo, upande ambao ramani ilisema ni mweusi. Nami nilijua kwa macho yangu kwamba mboga za mama zinaota kwenye udongo mwekundu. Walihamia pale nikiwa shule ya bweni. Nilipofunga shule nilikuta nyumba mpya ya mawe, jiko la nje, na nyuma ya jiko shamba dogo jekundu la sukuma wiki. Nimepalilia hapo likizo nyingi.

"Basi mwekundu unafika mbali kuliko wanavyosema," nilimwambia.

"Tukachimbe."

Tulimkuta baba kwenye baraza, redio mapajani. Alistaafu kiwanda cha nguo cha Thika zamani, lakini bado huvaa shati la kuchomekea kila asubuhi kama mtu anayengojea zamu. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mami, hata mbele ya wakubwa wangu.

"Shimo la nini, mami? Choo tunacho."

"Si choo, Baba. Tunataka kuona mchanga ulivyo mpaka chini."

Nyumbani kwetu udongo wote ni mchanga. Neno udongo ni la ofisini.

Alizima redio. "Chimbeni kule chini kwa ndizi. Kule ni kuzuri."

"Kule maji husimama. Nyuma ya jiko ni pazuri zaidi, ni tambarare."

"Nyuma ya jiko kuna sukuma za mama yako."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. "Sukuma zimezeeka," alisema. "Wacha mtoto achimbe anapotaka."

Baba alimwangalia. Mama akaangalia kitambaa chake.

Tulikuwa tumekuja na wachimbaji wawili kutoka Juja, na wakaanza. Udongo ulitoka mwekundu na laini, nami nikawa tayari nimeandika kichwani nusu ya maelezo. Nilijua kitakachofuata: ungeendelea kuwa mwekundu hadi chini kuliko kimo cha mtu, ukikolea kidogo kidogo. Mwenzangu alinipigia saluti ya mzaha. Nilijisikia vizuri.

Shimo lilipofika magotini, jembe lilibadilisha sauti. Mchimbaji alilivuta likakataa kutoka, na lilipotoka lilikuja na donge jeusi kubwa kama mkate.

"Madam," akasema, "huku chini ni blakikoti." Ndivyo wajenzi wanavyouita ule udongo mweusi.

Niliingia shimoni. Mwekundu ulikuwa juu na mweusi chini, na kati yao palikuwa na mstari mkali kama keki iliyokatwa kwa kisu. Mwenzangu aliruka ndani nyuma yangu, na sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

"Dada, hii haiko kwa kitabu chochote."

Alikuwa na haki ya kushangaa. Udongo haubadiliki hivyo wenyewe. Rangi moja huingia katika nyingine polepole, na ukiuliza mwekundu umeishia wapi, mara nyingi hupati jibu. Akaanza kuwaza kwa sauti: pengine mto ulihama, pengine mafuriko ya kale yaliubeba udongo wa miteremko yakaumwaga juu ya tambarare. Alitaka turudi na wakubwa. Nadhani alikuwa ameshaanza kuutafutia udongo huo jina.

Nilichukua kisu changu, nikachuchumaa, nikaanza kuuchokoa ukuta wa shimo kuanzia juu. Hapo ndipo kazi hii hunipendeza, unapokuwa kimya na ukuta ukikuonyesha mambo yake. Vile vipande vyenye nyuso za kung'aa vilikuwepo, lakini vilikuwa vimelala ovyo, mabonge ya wekundu wa namna mbili yakichanganyika bila mpango. Chini, mweusi ulikuwa na nyasi za kale juu yake, mizizi yake mikavu bado imeshika, na nyufa zake zilikuwa zimejaa chembe nyekundu zilizodondoka kutoka juu. Ule mstari mkali ulikuwa ardhi ya zamani, mahali watu walipokuwa wakikanyaga.

Kisha kisu kikagonga kitu. Nilichomoa kigae. Pembeni yake palikuwa na uzi wa gunia, wa buluu. Na chini zaidi kidogo, kisiki cha kahawa kilicholala ubavu, kwenye ploti ambayo haijawahi kupandwa mkahawa hata mmoja.

"Mafuriko yako," nilimwambia mwenzangu, "yalikuja na lori."

Nilipoinua kichwa, baba alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma, akiutazama mparachichi wa jirani kama mtu aliyeulizwa bei yake.

"Baba, huu mchanga ulitoka wapi?"

"Mchanga hutoka kwa Mungu."

Kutoka jikoni mama aliangua kicheko. "Haiya! Mwambie, ama nimwambie mimi."

Baba aliendelea kuutazama mparachichi, kwa hiyo mama alikuja na birika la chai, akakaa kwenye kigoda, akatuhadithia huku akimimina. Wachimbaji pia waliketi.

Yeye ni wa Gatanga, kwenye miteremko, ambako udongo ni mwekundu hadi miguu ya watoto. Baba alipompeleka mara ya kwanza kuiona ploti aliyoipata pamoja na wenzake wa kiwandani, ilikuwa wakati wa mvua ndefu. Kabla hawajafika katikati, kiatu chake kimoja kilibaki matopeni. Cha pili alikivua mwenyewe. Alisimama pale na miguu mizito kama ya tembo, akayaona maharagwe ya jirani yakiwa manjano ndani ya maji.

"Nikamwambia mimi hapa siishi," mama alisema. "Nikamwambia mchanga wa kwetu ukishaushika unaupangusa, basi. Huu unataka kuniingia nao ndani ya nyumba."

"Na Baba akasema nini?"

"Huyu? Alinibeba mgongoni mpaka barabarani."

"Ulikuwa mwepesi," baba alisema, bado akitazama parachichi.

Wakati huo, upande wa Gatongora, kahawa ilikuwa inang'olewa na nyumba za kupangisha zinapanda. Wajenzi walichimba misingi, na udongo uliotoka ulikuwa mzigo; madereva walizunguka nao wakitafuta pa kuumwaga. Baba alipomaliza zamu ya Jumamosi alikwenda kusimama pale kando ya barabara. Aliongea nao. Aliwanunulia chai na mandazi, akawaelekeza Juja. Wengine walimcheka na kwenda zao. Wengine walikuja. Majirani wapya waliona lori baada ya lori likimwaga udongo kwenye ploti isiyokuwa hata na ua, na mwanamume mmoja na toroli akiusambaza peke yake, na wakaamua kwamba yule mtu wa kiwandani hana akili timamu.

"Mchanga ulipokuwa wa kutosha, alinileta tena," mama alisema. "Akaniambia, nimekuletea mchanga wa kwenu."

"Na wewe?"

"Nikauchukua hivi kwa mkono, nikaupangusa. Nikamwambia huu si wa kwetu. Wa kwetu ni mwekundu kuliko huu."

"Lakini ulipanda," baba alisema.

"Nilipanda."

"Siku hiyohiyo. Hata sikuwa nimeondoa toroli."

Nilikuwa nimekaa ukingoni, miguu shimoni, kikombe mkononi. Nimemjua baba maisha yangu yote kama mtu asiyetoa zawadi. Sikukuu zilipita, siku za kuzaliwa zilipita, yeye alilipa karo na kusikiliza redio yake. Sikulia wala nini. Nilikunywa chai tu, nikauangalia ule ukuta mwekundu, na nikajisikia kama mtu aliyekula akashiba.

Mwenzangu ndiye aliyerudi kwenye kazi kwanza. "Sasa tuandike nini?"

"Tuandike tulichokiona," nilimwambia. Kanuni zetu zinaruhusu: udongo uliobebwa na watu huelezwa kivyake, na unaopangwa ni ule wa asili ulio chini. Nilifungua kitabu cha rangi, kile chenye vibandiko vidogo vya kulinganishia, na mama akasogea. Alitaka kujua kila kimoja. Alipofika kwenye kurasa nyekundu aliweka kidole juu ya kibandiko kimoja bila kusita.

"Gatanga ni hapa," akasema.

Baba aliinama akatazama. "Tofauti ni ndogo sana," akasema, na mama akamwambia avae miwani.

Kwa sababu shimo hilo lisingeweza kuwakilisha eneo, tulichimba jingine kule chini kwa ndizi, pale baba alipotutuma tangu mwanzo. Hapo mweusi ulikuwa mweusi tangu juu, na chini zaidi tulipata nyuso kubwa za mshazari, laini kama zimepigwa pasi, ambapo udongo umekuwa ukijisukuma wenyewe unapovimba. Chini kabisa palikuwa na punje nyeupe za chokaa. Nilizidondoshea asidi kutoka kwenye kichupa zikatoa povu.

"Unachemka!" baba alisema. Alinifanya nirudie mpaka mwenzangu akaondoa kichupa.

Kutoka hapo tulitoboa kwa chuma kuelekea barabara kuu, tukipanda kidogo kidogo, na baada ya siku kadhaa tuliukuta mpaka wa kweli. Haukuwa mstari. Ulikuwa ukanda wa udongo wa kahawia, mfupi wa kina, uliokalia murram, ile changarawe ngumu ya kutengenezea barabara, ukipinda kufuata mteremko kama upindo wa sketi. Upande mmoja wake ulikuwa mwekundu, wa pili mweusi. Mwenzangu aliifuta ile rula ya zamani kwenye kompyuta kwa furaha kubwa. Ramani ilipotoka, niliipeleka nyumbani nikaitandaza mezani.

Baba aliipata Juja, akateremsha kidole. "Kwa hiyo mmeniandika mweusi."

"Ndiyo, Baba."

"Na ile kazi yangu yote?"

"Kwa ramani hii, ploti yako ni ndogo kuliko ncha ya kalamu. Lakini maelezo ya shimo yako kwenye ripoti." Nikamsomea, nikitafsiri: tabaka la juu, jekundu, limeletwa na mwenye shamba kwa ajili ya kilimo cha mboga.

Alifikiri. "Soma tena hapo kwa mwenye shamba."

Nikasoma tena. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaikunja ramani kufuata mikunjo yake, taratibu, na kuiweka kabatini pamoja na sahani za wageni.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya kuchimba tulipomaliza, wachimbaji walianza kurudisha udongo kwenye shimo la nyuma ya jiko kama ulivyokuja, na baba akawasimamisha kwa mkono.

"Mweusi kwanza," alisema.

Wakaanza upya. Yeye mwenyewe alivua viatu, akaingia, akaushindilia kwa miguu yake. Mwekundu ulifuata, na mama akausawazisha kwa reki kabla haujakauka, akituambia tusikanyage. Tuliosha mikono kwenye mfereji wa nje, tukala githeri, mahindi na maharagwe yenye parachichi, na mwenzangu alipoulizwa kama anaongeza, alisogeza sahani kabla swali halijaisha.