Kula ni Haki ya Kila Mwananchi

Kija wa Mabatini aliuza dagaa kwa mdomo ambao hata kunguru waliuheshimu. Ukimpunja alikutajia ukoo wako hadi babu aliyeiba ng'ombe. Ila siku ya kuhitimu kisomo cha watu wazima mdomo huo ulimsaliti. Alisimama mbele ya wageni, akashika kitabu, akasoma kwa madaha:

"Kula ni haki ya kila mwananchi."

Kitabu kilisema kura. Lakini ulimi uliolelewa Kisukuma ulikuwa bado haujui kubembeleza hiyo herufi.

Wangecheka kidogo yakaisha. Nkwabi, katibu wa duka la ushirika, ndiye aliyeruka juu ya benchi. "Mpeni sahani Mama Kula, jamani! Kaja na haki yake!" Na huyo Nkwabi mwenyewe redio aliiita ledio. Uwanja ulilia kwa kicheko, na jina likamganda Kija kama magamba ya samaki.

Tangu hapo, akiona watu wamekusanyika tu, moyo ulimwenda mbio, viganja vililowa, koo lilikauka. Mikutano akaiacha. Foleni ya sukari akaiacha pia, maana Nkwabi alikuwa akipaza sauti kaunta: "Mpisheni Mama Kula, asije akatula na sisi!" Nyumbani wakanywa uji wa chumvi.

Alipoanza kuhisi anakufa kila Jumapili kanisani, akaenda zahanati. Nesi Eugenia, binti wa Kihaya aliyesomea magonjwa ya akili, akampima kifua.

"Moyo wako mzima, mama. Unachoumwa ni wasiwasi."

"Nipe sindano."

"Wasiwasi hauna sindano. Dawa yake ni maneno, na kukikaribia unachokikimbia. Ukikikimbia kinanenepa. Sasa niambie, ukisimama mbele za watu, unaogopa nini kitatokea?"

"Watacheka."

"Wakicheka?"

"Nitakufa."

"Siku ile walicheka. Ulikufa?"

Kija akafikiri. "Nilitamani afe Nkwabi."

Nesi akajizuia kucheka. "Na ukipona, utafanya nini?"

"Nitasimama kwenye uchaguzi wa duka nimvue nguo yule mzee, kwa maneno tu, mbele ya watu wote."

"Mama Kija, hiyo si dawa. Ni sumu."

"Hata sumu ya panya inauzwa dukani, mwanangu. Inategemea nani ni panya."

Basi wakaanza. Alisoma kwa sauti mbele ya Nesi peke yake, mkono tumboni, akivuta pumzi puani na kuitoa polepole. Kisha mbele ya mgonjwa mmoja, maana wagonjwa wa Nesi walisomeana wao kwa wao. Kisha akatumwa sokoni kuuliza bei ya kitu asichokitaka, kwa kelele. Kisha, siku aliyoiogopa kuliko zote, akarudi kwenye foleni ya sukari. Nkwabi akaimba wimbo wake wa Mama Kula. Kija alitetemeka mpaka kikapu kikacheza, lakini hakuondoka. Akangoja hadi hofu yenyewe ikachoka. Sukari hakupata, Nkwabi alisema imeisha, huku shemeji yake akitokea mlango wa nyuma na mfuko. Mtaa mzima ulikuwa ukiuona mfuko huo. Hakuna aliyethubutu kuutaja.

Siku ya uchaguzi, Nkwabi alikuwa anaomba tena ukatibu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Kija akanyanyuka. Moyo ukaanza ngoma yake, akauacha upige.

"Mama Kula huyo!" Nkwabi akadakia. "Chakula bado, mama!"

Watu wakacheka. Kija akawangoja wamalize, kama anayengoja uji upoe.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nilisoma kwamba kula ni haki ya kila mwananchi. Mlicheka wote. Nkwabi peke yake ndiye aliyenielewa. Akaenda dukani akatekeleza."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko.

"Sukari kala!" Kija akaendelea. "Unga kala! Shemeji yake kambebea mlango wa nyuma, naye kala! Sisi tumebaki na kura. Leo tumnyime hata hiyo!"

Nkwabi akasimama kujibu. Mdomo ukafunguka, sauti haikuja. Jasho likamtiririka, mikono ikamtetemeka. Kija akaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote pale, na akaifurahia kama mchuzi wa samaki.

"Weka mkono tumboni, Ndugu Katibu," akamwambia kwa huruma ya paka. "Vuta hewa puani. Hauui huo. Ni wasiwasi tu."

Mikono iliyonyooshwa kumchagua Nkwabi ilikuwa miwili tu, wa shemeji yake na wa mkewe, na wa mke ulishuka mapema.

Wiki iliyofuata Kija alipofika zahanati, alimkuta Nkwabi kwenye benchi, kofia magotini. Mbele za watu, alisema, koo linamkaba.

"Ameshasoma mbele yangu," Nesi akasema, akimtazama Kija kwa jicho la onyo. "Sasa anahitaji msikilizaji mmoja. Leo hakuna mwingine. Utaweza kwa wema?"

"Wema gani nilioukosa mimi, Nesi?"

Akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso na adui yake. Akakifungua kitabu cha kisomo, akapekua taratibu mpaka ukurasa wa kura, akamkabidhi.

"Soma kwa sauti, Ndugu Nkwabi. Na usile maneno."